Nafasi Tupu za Daftari

Safari ya mwisho ya Kanga nilikwenda na kitabu kimoja tu mkobani, na wenyeji wangu hawakukielewa. Mzee aliyenipokea, ambaye kwa upande wa mama ni mjomba wangu, alikishika, akakipima uzito kama anayechagua papai, kisha akaniuliza kinasema nini. Nikamwambia ni cha padri mmoja wa Marekani, ameandika habari za watumwa waliokombolewa na mapadri wa Kifaransa huko Unguja na Bagamoyo, zama za Sayyid Majid na Sayyid Barghash. Mzee hakusema kitu kwa muda. Alikuwa akisokota kamba ya makumbi, na mikono haikusimama.

“Watumwa,” akasema hatimaye. “Na yeye padri, tena wa Marekani, yanamhusu nini?”

Nikababaika. Nilitaka kusema “elimu”, nikaona haya, maana hilo si jibu la kumpa mtu mzima. Nikasema, “Ndiyo kazi yake, mjomba.” Akacheka. “Haya, kila mtu na kazi yake,” akasema, akavuta kamba kwa kidole cha mguu ikakaza.

Tangu siku hiyo ile kazi haijanitoka kichwani. Namaanisha kazi yenyewe kama ufundi, jinsi unavyoweza kumwangalia mtu anayechonga mtumbwi na usiwe na haja ya kuvua samaki. Mimi si Mkristo wala si mwanahistoria. Lakini nimekaa na kitabu kile barazani Kanga siku kadhaa, upepo wa kusi ukinifungulia kurasa nisizozitaka, na nimeona ndani yake mkono wa fundi.

Kanga si mahali ambapo mtu angetarajia kusoma historia ya Kanisa. Ni kijiji cha kaskazini mwa Mafia, ukishapita Kirongwe, kabla hujafika Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi ambako kisiwa kinaishia baharini. Minazi, mihogo, mpunga, misikiti, vyuo vya Kurani. Ukitaka kuona kanisa heri upande gari urudi Kilindoni. Lakini ni mahali pa watu wanaojua kusoma nasaba, na nasaba ni nusu ya kazi ya mwanahistoria. Ukoo hapa hufuatwa kwa baba na hufuatwa kwa mama, hivyo mtu mmoja huwa na mlango katika koo kadhaa, na kila mlango una haki zake za kulima na kukaa. Anayetaka kulima upande huu atamtaja bibi yake mzaa mama. Akitaka upande ule atamtaja babu yake mzaa baba. Wala hasemi uongo, mababu wote ni wake. Ila wapo wanaotajwa na wapo wanaopumzishwa, na mzee hodari ni yule anayesikiliza orodha ya majina na kusikia pia majina yaliyorukwa.

Padri mwenyewe ni Paul Kollman, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, mwalimu wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana. Kitabu chake juu ya uinjilishaji wa watumwa na chimbuko la Ukatoliki Afrika Mashariki kilitoka mwaka 2005. Kisa anachokishughulikia, ukikitazama kwa juu, kinajulikana. Mwishoni mwa mwaka 1860 Padri Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadri wenzake na masista. Mwaka 1863 kazi ikashikwa na Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padri Antoine Horner. Siku hizo watu walikuwa wakiuzwa sokoni Unguja mchana kweupe. Mapadri nao wakaingia sokoni, wakatoa fedha, wakanunua, hasa watoto, wakasema wamewakomboa. Mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo, wakafungua mashamba, shule, karakana, na kijiji cha Wakristo waliooana wao kwa wao. Aprili 1872 kimbunga kikapiga pwani kikabomoa majengo yao. Mwaka uliofuata Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko, na watoto wakawa wanaletwa na manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi njiani. Mwaka 1877 mapadri wakaingia bara, wakajenga Mhonda.

Mgeni anayetembelea Bagamoyo huonyeshwa minara, makaburi na mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 ukisubiri kuvushwa. Waliokombolewa haonyeshwi. Hata katika vitabu, kwa muda mrefu, walikuwa mzigo unaobebwa na hoja za watu wengine. Waandishi wa mashirika waliwataja ili kuonyesha huruma ya mapadri, na wapinzani wa wakoloni waliwataja ili kuonyesha unafiki wa mapadri. Katika masimulizi yote mawili mtoto aliyenunuliwa anakaa kimya, anahamishwa kama gunia.

Tatizo la fundi ni kwamba gunia halikuandika. Karatasi zote, au karibu zote, ni za mapadri: barua, ripoti, na daftari la kila siku la nyumba ya Bagamoyo, zilizohifadhiwa na shirika lao huko Chevilly, nje kidogo ya Paris. Ukitaka kumsikia mtoto lazima umsikie kupitia kinywa cha aliyemnunua. Wengi wangefunga majalada hapo, wakasema ushahidi hautoshi. Wengine wangeyajaza wenyewe, wakamtungia mtoto maneno ya kishujaa. Kollman hakufanya la kwanza wala la pili, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Chukua daftari la ubatizo, ambalo kila parokia duniani inalo. Lina nafasi ya jina, nafasi ya tarehe, nafasi ya wazazi, ya msimamizi, ya padri aliyebatiza. Mtoto aliyetolewa sokoni Unguja, mwenye miaka sita au saba, aliyepita mikononi mwa watu wanne tangu ziwa Nyasa, atajazwa nini kwenye nafasi ya wazazi? Jina analopewa ni la mtakatifu wa Ulaya. Umri unakadiriwa kwa meno. Mtu wa haraka anapita mstari huo. Fundi anasimama, kwa sababu nafasi iliyo tupu inamwambia jambo ambalo nafasi zilizojazwa hazisemi: huyu alikuwa na watu wake, na aliyeandika hakuwajua, au hakuuliza, au aliuliza na mtoto hakujibu. Mambo matatu tofauti. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuchagua analolipenda. Ana kazi ya kwenda kwenye daftari la ndoa, daftari la vifo, barua za mwaka ule, atafute jina lile lile linatokea wapi tena, na linapotea wapi.

Kisha kuna tofauti ya karatasi na karatasi. Mapadri walikuwa na wafadhili. Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, lilikuwa likikusanya senti za watoto wa Ulaya kwa ajili ya watoto wa mbali, na barua za kwenda huko ziliandikwa ili zisomwe na wachangaji. Mchangaji hapendi kusikia kwamba mtoto aliyemtolea senti ametoroka usiku na blanketi. Lakini daftari la nyumba halimwandikii mchangaji. Linaandika mvua, homa, chombo kimefika, fulani hayupo. Maneno mawili, “fulani hayupo”, halafu siku inayofuata mvua tena.

Sisi watu wa pwani tunazijua karatasi hizo mbili. Kuna ujumbe unaomtumia mwanao aliyeko Dar es Salaam, na kuna maneno unayomwambia jirani barazani jioni. Katika ujumbe paa limeanguka. Barazani linavuja kidogo upande wa jikoni. Mtu mwenye busara hasemi kwamba mojawapo ni uongo. Husikia yote mawili, halafu huenda kulitazama paa. Taabu ya mwanahistoria ni kwamba paa lilishaoza, na waliolala chini yake wamekufa.

Kwa hiyo anasoma “fulani hayupo” kama mvuvi anavyosoma maji. Kwa padri wa mwaka 1870, mtoro ni hasara na huzuni, na pengine dhambi. Kwa msomaji huyu mtoro ni mtu aliyefanya uamuzi. Alikwenda wapi? Alirudi? Wengine walirudi. Aliondoka baada ya kuadhibiwa, au baada ya kukataliwa mchumba, au wakati wa kuvuna, kazi ilipozidi? Na wale waliobaki, tusidhani kwamba kubaki kwao kulikuwa utii mtupu. Mtu aliyeng’olewa kwao akiwa mtoto alikuwa na hesabu zake: mke, shamba, ulinzi asikamatwe tena akauzwa, na imani pia, kwa nini isiwe imani? Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi, kwa sababu wasomi wengi wakikuta mtu maskini anaomba Mungu hukimbilia kutafuta sababu nyingine.

Hapo ndipo swali la mjomba linaponirudia. Yanamhusu nini padri?

Sehemu moja ya jibu ni kwamba padri anaijua lugha ya mapadri. Amekula kiapo cha utii, anajua mkubwa wa shirika akiuliza “hali ikoje?” kuna namna ya kujibu. Anajua neno “mnyenyekevu” katika barua kuhusu kijana linaweza kuwa sifa, na linaweza kuwa maana yake ni kwamba kijana hasumbui. Amekaa katika nyumba za kengele, za kuamka pamoja na kula pamoja kimya, kwa hiyo anapoona ratiba ya Bagamoyo, sala, kazi, shule, kazi, sala, haioni kama gereza moja kwa moja, wala haioni kama pepo. Anaijua kutoka ndani. Anajua mahali ambapo kijana wa miaka kumi na minne hujificha katika ratiba kama hiyo.

Lakini mganga hajigangi. Padri anayeandika habari za mapadri ana jaribu kubwa la kufunika chungu kwa ungo. Mara ngapi tumesoma historia za parokia zilizoandikwa kwa ajili ya sherehe ya miaka mia, zenye picha ya askofu ukurasa wa kwanza na kila mtu humo akiwa mwema! Sifa ya ufundi huu, ukifanywa vizuri, ni kwamba unamtaka mtu aikague nyumba yake mwenyewe kwa macho yale yale ambayo angekagua ya jirani. Adrian Hastings, padri Mwingereza aliyeanza kazi Masaka, Uganda, mwaka 1958 na baadaye akaandika historia kubwa ya Kanisa barani Afrika, alilifanya hilo hadharani. Julai 1973 alipeleka kwenye gazeti la Times la London habari za mauaji ya Wiriyamu, Msumbiji, yaliyofanywa na askari wa Ureno, dola ya Kikatoliki. Wareno wakajibu kwamba kijiji cha jina hilo hakipo. Ripoti aliyokuwa nayo, iliyokusanywa na mapadri wa Kihispania, ilikuwa na majina ya waliouawa. Majina ndiyo yaliyoshinda ramani.

Wamarekani wana ukoo mrefu wa wachungaji wa aina hii, na babu yao mmoja ninayempenda kwa sababu zisizo za kitaaluma ni Kenneth Scott Latourette. Alizaliwa Oregon City mwaka 1884, akaenda China mwaka 1910 kufundisha, afya ikamshinda, akarudi kwao baada ya miaka miwili, akawa mchungaji wa Kibaptisti na mwalimu wa Yale hadi mwaka 1953. Hakuoa. Aliishi chuoni katikati ya wanafunzi, na wanafunzi walimwita Uncle Ken, yaani mjomba, jina ambalo hapa kwetu lina uzito wake, maana mjomba ndiye unayemwendea na mambo usiyoweza kumwambia baba. Kati ya mwaka 1937 na 1945 alitoa juzuu saba za historia ya kuenea kwa Ukristo duniani kote. Saba! Vita vinaunguza dunia, yeye anaandika. Alikufa mwaka 1968, amegongwa na gari karibu na nyumba ya wazazi wake.

Juzuu hizo nimezipitia hapa na pale, nakiri, kama anavyopita mtu sokoni asiye na fedha. Ni kazi ya baharia aliyepanda juu ya mlingoti. Anaona visiwa vyote na mikondo yote, anakuambia wapi dini ilipofika na mwaka gani na kwa shirika gani. Afrika ya karne ya 19 iko katika juzuu ya tano, inagawana kitanda na Amerika na Australia. Kutoka juu ya mlingoti huwezi kuona uso wa mtu. Neno lenyewe, “kuenea”, linakupa habari za kinachokwenda, halikupi habari za anayepokea, kama kwamba mafuriko ndiyo yenye historia na bonde halina.

Kushuka kutoka mlingotini kulichukua muda, na aliyeshuka mapema si Mmarekani. Bengt Sundkler, Mswidi, alifika Afrika Kusini mwaka 1937 na Tanganyika miaka ya vita, akawa profesa Uppsala, kisha mwaka 1961 akaitwa kuwa askofu wa kwanza wa Walutheri wa Bukoba, kiti alichomwachia Josiah Kibira mwaka 1964. Huyu alifanya jambo ambalo wenzake waliliona la ajabu kidogo: aliwauliza wachungaji wa Kiafrika na wanafunzi wao wanaota nini usiku, na akaziandika ndoto zao kama ushahidi. Kitabu chake kikuu, historia ya Kanisa barani Afrika, kilitoka mwaka 2000 akiwa ameshakufa miaka mitano, kimekamilishwa na Christopher Steed, kina kurasa zaidi ya elfu moja, na ndani yake Waafrika ndio wanaotembea na kusema. Kollman anatoka upande huo wa familia. Ila yeye alichagua kisa kimoja na miaka michache, akachimba hapo hapo.

Nirudi Mafia, maana kuna namna nyingine ya kusimulia ambayo inaniwezesha kuona vizuri ugumu wa namna hii. Kila mtoto wa kisiwa hiki amesikia habari za Kua na Kisimani. Ya kwanza ni magofu ndani ya msitu wa Juani, ya pili bahari imeimega. Husimuliwa kwamba mji mmoja ulishusha jahazi jipya baharini ukilipitisha juu ya watoto wa mji wa pili, badala ya magogo. Waliofiwa wakanyamaza, wakangoja miaka. Kisha wakafanya harusi Kua, wakawaalika wale waliowaua watoto wao, wakawakaribisha katika chumba kilicho chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwachangamsha wageni, na huku nyuma mlango unajengwa kwa mawe, mzee naye ndani.

Ni kisa kikubwa, na mimi kila nikikisikia nywele hunisimama, hasa kwa ajili ya yule mzee. Lakini angalia: hakina nafasi tupu hata moja. Kila swali lina jibu, kila damu imelipwa. Vinywa vya vizazi na vizazi vimekisugua mpaka kimekuwa laini kama jiwe la ufukweni. Daftari la Bagamoyo halijasuguliwa na mtu. Lina kingo, linachubua. “Fulani hayupo.” Msimulizi wa barazani angetupa sababu, njia aliyopita, na simba aliyekutana naye. Mwanahistoria anabaki na maneno mawili, na anaona haya kuongeza la tatu.

Wala Kanga yenyewe si ngeni kwa madaftari. Mwaka 1965 alifika hapa mwanamke kijana kutoka Uingereza, Pat Caplan, mwanaanthropolojia, akakaa, akajifunza ukoo, ngoma, mashamba na mashetani, na akaendelea kurudi kwa miongo kadhaa. Katika vitabu vyake vya awali kijiji hiki hakiitwi Kanga, kinaitwa Minazini, na watu wamepewa majina mengine. Alimwomba mtu mmoja wa kijijini amwandikie shajara kwa Kiswahili, na sehemu za shajara hiyo zikaingia katika kitabu chake cha mwaka 1997. Baadaye akaandika pia maisha ya Mikidadi, mtoto wa Kanga aliyeinukia kuwa mpigania maendeleo wa Mafia, na hicho kimetoka kwa Kiswahili kwa jina la *Mikidadi wa Mafia*, majina yote mahali pake.

Nafikiria yule mwandishi wa shajara. Kalamu mkononi, taa ya mafuta, anaamua leo aandike nini na nini akiache. Watoto wa Bagamoyo hawakupewa daftari. Pengo lote la ufundi wa Kollman liko hapo: anatafuta kwa jasho kile ambacho mtu wa Kanga aliweza kukiweka kwenye mstari kwa mkono wake. Na hata hivyo yule wa Kanga naye aliacha vitu, bila shaka. Nani asiyeacha?

Asubuhi moja nilikaa na wanawake waliokuwa wakisuka. Ukili ukishasukwa hukunjwa mviringo, baadaye huunganishwa ukingo kwa ukingo ndipo mkeka uzaliwe. Bibi mmoja aliokota ukili uliotupwa pembeni, akaupitisha vidoleni kama tasbihi, akasema, “Huu ulianzwa na mwingine, ukamaliziwa na mwingine.” Mimi sikuona kitu. Akanionyesha: hapa mkono umevuta, hapa umelegea. Aliyeanza alikuwa akikaza, pengine ana haraka, pengine kijana. “Na hapa,” akasema, kidole kimesimama, “aliacha. Akaitwa, au akaugua. Akaja huyu.” Hakusema ni lipi kati ya hayo mawili. Nikapenda kwamba hakusema.

Usiku wa mwisho mjomba alinikumbusha ahadi yangu ya kuandika ukoo wetu. Wajukuu wako Dar es Salaam na Tanga, hawajui kitu, siku wakija kudai mlango watadai kwa nani? Nikatoa daftari. Akatandika mkeka, akaomba chai, akaanza. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwake gizani: fulani alimwoa fulani, wakazaa watatu, wa kwanza akahamia Bweni, wa pili alikufa maji, wa tatu ndiye aliyemzaa bibi yako. Nilikuwa naandika upesi, naunganisha kwa mistari. Tulipofika kizazi cha tano kwenda nyuma, akamtaja mwanamume mmoja, akawataja watoto wake, kisha akanyamaza.

“Na mama yao, mjomba?”

Akavuta chai. Karne ya 19 mashamba makubwa ya minazi ya kisiwa hiki yaliwategemea watu walioletwa kwa majahazi kutoka bara. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu, wakati wa Waingereza, na waliokuwa hai siku hiyo waliwalea watu ambao mimi nimewaamkia. Pwani yote inayajua hayo. Na pwani yote ina adabu yake: mtu haulizwi asili yake, wala hatajiwi, na anayetaja mbele za watu amefanya ubaya hata kama amesema kweli. Nilidhani najua kwa nini mjomba amenyamaza, na nikajiona mwerevu, kisha nikakumbuka kwamba mtoto anaweza kutokujibu kwa sababu tatu, na mzee vilevile. Pengine hakujua. Pengine aliyemsimulia alilisahau. Pengine lipo kabisa, liko ulimini.

Kitabu cha padri kilikuwa pale pale kwenye mkeka, kimefunguliwa kifudifudi. Mjomba alikitazama, akakigeuza vizuri, akakifunga ili kisikunjike mgongo.

“Aliwauliza watu majina yao, huyu wako?”

“Walikuwa wameshakufa, mjomba. Aliyatafuta kwenye makaratasi.”

“Akayapata?”

“Mengine.”

“Na ambayo hakuyapata?”

“Aliacha nafasi.”

Akatikisa kichwa taratibu. Taa ilikuwa inafifia, mtoto akaja kuipandisha utambi. Kalamu yangu ilikuwa bado iko juu ya karatasi, pembeni mwa jina la yule mwanamume, mahali ambapo mstari wa ndoa ulikuwa umeanza na haujafika popote.

“Hapo acha nafasi,” mjomba akasema. “Si ndogo hivyo. Iache ya kutosha jina na jina la baba yake.” Kisha akarudi kwa wale watoto, akamtaja wa kwanza.